Fundo

Kisima chetu kilianza kugeuka mwaka ule wa ndimu chache.
Kwanza chai. Khalfani akaonja, akauliza: mama, umetia chumvi?
Kisha majani ya mindimu, ncha zimeungua
kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa.
Kisha mindimu yenyewe, kumi na saba,
mmoja mmoja, bila kelele.

Hapa Suwaiq bahari haivunji ukuta.
Jirani yangu Hilali bin Zahrani alifunga pampu ya inchi nne,
akavuta usiku na mchana kunywesha majani ya ng'ombe wake,
na bahari, ilipoona chini pana nafasi,
ikaja chini kwa chini.
Nikamwekea fundo. Miaka sita
salamu yetu ilikuwa kikohozi.

Shafiqul, anayepalilia mzunguko wenye birika kubwa la kahawa,
ndiye aliyenipa vikonyo, kavifunga kwa gazeti.
Nikavijua kwa harufu kabla sijafungua:
mboga ya pwani.
Bibi yangu, kule Pemba, akiichemsha mara mbili,
maji ya kwanza akiyamwaga, ya pili akiyaonja,
ndipo atie nazi.
Sikudhani itanifuata hadi huku, imevaa kazi ya manispaa.

Huivunji popote. Unatafuta fundo,
pale jani linapokutana na jani mwenzake
na shina limevimba, kama kidole changu cha shahada
siku za baridi yabisi. Kata chini yake.
Laza kivulini usiku mmoja, jeraha likauke.
Alfajiri, toboa mchanga kwa kidole,
mafundo mawili yazike, mawili yaache yapumue.
Siku arobaini ilee kama mzazi aliyejifungua:
maji kila baada ya magharibi, mchana hata tone,
utaitokosa.
Maji gani? Hayo hayo ya kisima. Hayo yaliyoua mindimu.
Mbolea usiipe. Ikishiba hurefuka kivivu,
inainua shingo, inasahau kutambaa.
Na ncha uikate. Kata moja, zitarudi mbili.
Sijui kwa nini jambo hili lilinichukua umri mzima kulijua.

Ruqaya, mke wa mwanangu, alitaka zulia la nyasi za plastiki.
Likaja kutoka Barka, likatandazwa, kijani kama peremende.
Mwezi wa Juni mjukuu wangu Azani alikanyaga hatua nne
akarudi analia, nyayo nyekundu.
Siku hizi huvua makubadhi akasimama katikati ya mboga yangu,
majani manene, yamejaa maji, ya baridi hata saa saba.
Kiswahili hana. Neno analolijua ni hilo moja:
mboga! mboga!
na mama yake anadhani ni jina la mchezo.

Mwaka wa tatu ilikuwa imefunika makaburi yote kumi na saba ya mindimu,
imetia vijiua vya zambarau visivyozidi ukucha,
kila fundo lililogusa mchanga limegeuka mzizi.
Ndipo nikaona ncha tatu zimeingia tundu la maji machafu
chini ya ukuta wa Hilali.

Nikasema: huyo ataing'oa kesho.
Kesho nikapanda juu ya ndoo, nikachungulia.
Alikuwa amechuchumaa, kilemba kimelegea,
kopo la samli mkononi,
anaimwagia maji. Saa sita ya mchana. Tena kwa matone,
kama anayemtia dawa mtoto jichoni.
Mabanda ya ng'ombe yake matupu. Sikujua yamekuwa matupu lini.

Sikumsamehe. Msinisingizie.
Nilikohoa tu, kikohozi kile kile,
akainua uso.
Nikamwambia: baada ya magharibi, Hilali.
Si saa hizi. Utaitokosa.